Moto wa fundi friji nusura uvuruge mahari Kisongo!

Mpenzi msomaji, kama umewahi kukabidhiwa jambo na wakubwa zako halafu likaanza kukuharibikia huku wageni wako njiani, basi utanielewa vizuri. Kama hujawahi, kaa mkao wa kula, maana hiki ninachokusimulia kinahusu nyama.

Yalinikuta Kisongo. Kwa wasiopajua, ukitoka Arusha mjini ukashika barabara ya Dodoma, unaupita ule uwanja mdogo wa ndege, unaendelea kidogo, umefika. Mlima Meru uko mgongoni, mbele ni tambarare na vumbi la Umasaini. Ndiko kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu mzee wangu. Tangu mzee afariki, mambo yote ya ukoo huamuliwa pale chini ya mti wake.

Siku hiyo dada yangu mdogo alikuwa analetewa mahari. Wakwe wanatoka Marangu, watu ishirini na tano. Mbuzi wa mila alikuwa juu ya wazee wenyewe, hapo kijana huingizi mkono. Lakini nyama ya ng'ombe ya kuwalisha wageni, baba mkubwa aliniita wiki moja kabla, akanihesabia noti mkononi, akasema: "Baba yako angekuwepo, kazi hii ingekuwa yake. Sasa ni yako. Usiniaibishe."

Nakwambia, tangu siku hiyo usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu.

BINAMU NA MAMBO YA WAFARANSA

Nilimkimbilia binamu yangu. Huyu bwana ni mpishi, amefanya kazi kwenye hoteli za watalii miaka kadhaa, na anapoongea habari za nyama utadhani mchungaji yuko kwenye mimbari. Nikamwambia nataka nyama choma ambayo wakwe wataizungumzia mpaka wanazikwa.

Akacheka. "Ng'ombe wetu hawa wa kienyeji wanatembea kutwa kutafuta majani," akasema. "Misuli yao imekaza kama kamba ya manila. Ukiwachoma moja kwa moja, wazee watatafuna mpaka mahari isahaulike. Tuwapikie suvidi."

Suvidi ndiyo nini tena? Basi akanipa darasa. Ni neno la Kifaransa, maana yake ni "chini ya ombwe", yaani pasipo hewa. Unaitia nyama kwenye mfuko, unaondoa hewa, unafunga, halafu unauzamisha kwenye maji ya moto wa wastani tu, wala hayachemki. Inakaa humo saa nyingi. Ilianzia huko Ufaransa mwaka 1974, pale mpishi Georges Pralus alipopewa tatizo kwenye mgahawa wa Troisgros, mji wa Roanne. Walikuwa wanapika maini ya bata bukini yaliyonona, lakini yakiiva yanakuwa yameyeyuka mafuta na kusinyaa. Pralus akayafunga kwenye plastiki na kuyapika kwa joto dogo, yakabaki na unono wake.

Kwa nyama ngumu faida yake ni nyingine. Kinachofanya nyama iwe ngumu ni zile nyuzinyuzi nyeupe zinazoshikanisha misuli. Ukizipa joto la wastani kwa muda mrefu, zinalegea zenyewe taratibu na kugeuka ute mlaini, kama ule unaogandisha supu ya makongoro ikipoa. Na kwa kuwa joto ni dogo, nyama haikamuliwi maji yake yote.

Binamu alikuwa na kidude chake, kifimbo cha umeme unachokichovya majini, kinapasha na kuyazungusha huku kikishika joto lile lile ulilokiwekea. Akasema tukiweke nyuzi 57 kwa saa ishirini na nne. Nikauliza: "Siku nzima kupika nyama?" Akanijibu: "Wewe lala, nyama itapika."

Tukanunua kilo kumi na mbili za nyama ya bega kwenye bucha yenye muhuri wa mkaguzi, tukazikata vipande kumi na viwili, unene wa vidole vitatu. Mifuko tulinunua ile minene ya chakula yenye kufungwa kwa zipu. Siyo rambo! Rambo kwanza zimepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata zisingepigwa, si za kupikia. Mashine ya kunyonya hewa hatukuwa nayo, lakini binamu ana ujanja: unauzamisha mfuko polepole ukiwa wazi juu, maji yanausukuma na kuitoa hewa, ukifika mdomoni unafunga.

Chombo chetu kilikuwa deli, lile la kuuzia soda baridi. Kama linazuia baridi isitoke, basi na joto nalo halitoki.

UMEME HUO, KWAHERI

Ijumaa saa saba mchana mtambo ukawashwa, jikoni kwa mama mkubwa hapo hapo Kisongo. Kabla ya yote binamu alikipima kipima joto chake kwenye sufuria la maji yanayochemka. Kikasoma 95. Nikamwambia kibovu, maji si yanachemka kwenye 100? Akanitazama kwa huruma. "Hiyo ni Dar, mdogo wangu. Hapa tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Kikisoma 95 hapa, hicho ni kizima."

Hilo, msomaji, nililiweka kichwani. Ndiyo sababu maharage ya Arusha yanachelewa kuiva kuliko ya Tanga.

Saa nane usiku nikashtuka. Kimya. Ile sauti ya kidude ikizungusha maji haipo. Nikabonyeza swichi, giza. Umeme umekatika.

Kijasho chembamba kikanitoka. Kilo kumi na mbili za nyama, fedha za baba mkubwa, dada yangu, wakwe wa Marangu, vyote vikapita mbele ya macho yangu. Nikamwamsha binamu. Yeye akashika simu, akamulika kipima joto: nyuzi 56.

"Tulia," akasema. "Hatari iko chini ya 54. Hapo nyama ikikaa muda mrefu, wadudu badala ya kufa wanaanza kuzaana. Washa mkaa."

Tukakesha. Kila maji yaliposhuka kufikia 55 na nusu, tulichota kiasi, tukamimina lita moja na nusu ya maji yanayochemka, joto likapanda mpaka 57, tukafunga kifuniko na kukitandikia blanketi. Mama mkubwa alitoka saa kumi na moja alfajiri akatukuta tumekaa tunalitazama deli kama watu wanaolinda maiti. Hakuuliza. Alitikisa kichwa akaenda kukamua.

Umeme ulirudi saa moja asubuhi. Nikasema sasa tumevuka. Kumbe!

"HII NI NYAMA YA MGONJWA?"

Jumamosi, saa saba mchana. Wageni walitarajiwa saa tisa. Binamu akafungua mfuko wa kwanza akakitoa kipande.

Msomaji, sikufichi, niliishiwa pozi. Kile kitu kilikuwa cha kijivujivu, kimelowa, kinateleza, kama kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia kutwa nzima. Harufu ya choma hakuna. Rangi hakuna. Ukikibonyeza, laini ile mbaya. Lakini nani atakula kwa kubonyeza?

Na kama kawaida ya mambo mabaya, baba mkubwa ndiyo kwanza anaingia. Tukamwamkia. Akaitikia bila kututazama sisi, macho yako kwenye nyama.

"Hii ni nyama ya mgonjwa?"

"Imeiva, baba," nikasema.

Akachomoa kisu chake kiunoni, akakata katikati. Ndani ilikuwa ya waridi, na majimaji mekundu yakatiririka kwenye sinia. Akarudisha kisu.

"Imeiva kwa nani? Hii damu."

Binamu akaanza kueleza kwa adabu kwamba ile si damu. Damu mnyama humwagika anapochinjwa. Ule wekundu ni protini iliyomo ndani ya msuli wenyewe, inaitwa mayoglobini, na kwenye nyuzi 57 haijabadilika rangi yote. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo lilituziba midomo:

"Kimeta mnakijua? Mwaka 2016 hapo Selela, Monduli, kilishika wanyama pori na mifugo, na watu wakaugua. Mimi nimezika ng'ombe bila kumchuna. Leo mnataka niwape wakwe nyama yenye wekundu?"

Nilimtazama binamu, nikamwomba moyoni asidanganye. Hakudanganya. "Baba, kimeta hata ukichoma mpaka mkaa, si dawa. Vijidudu vyake vina ganda gumu, vinavumilia moto wa jikoni. Kinga ni kutomla mnyama aliyekufa ovyo, na kununua iliyokaguliwa. Hii ina muhuri, nilihakikisha mwenyewe kabla hatujakata."

Mzee akanyamaza. Akageuka kwangu: "Muhuri sawa. Lakini mgeni hali muhuri. Mgeni anakula kwa macho kwanza." Akatoka.

Na hapo ndipo mshenga akapiga simu: msafara umeshafika Usa River.

KICHOMEO CHAFANYA VITUKO

"Usijali," binamu akasema, ingawa nilimwona anajali. "Hotelini nyama ikitoka majini tunaipitishia moto mkali juu juu. Dakika moja tu inapata rangi." Akatoa kwenye begi kile kichomeo cha gesi cha fundi friji, kile cha kuyeyushia na kuungia mirija ya shaba. Alikuwa amekiazima kwa fundi mmoja mtaani.

Akaweka kipande kwenye wavu, wavu juu ya bati. Akawasha. Moto ukatoka mrefu, wa njano, unapepea. Akausogeza karibu kabisa na nyama, vuuuuu!

Nyama ikafoka. Majimaji yakaruka. Sehemu moja ikawa nyeusi tii, pembeni yake bado kijivu, kwingine mapovu. Ukiiangalia unaona ramani ya visiwa. Na harufu! Mama mkubwa alikuja mbio akidhani mtungi wa gesi unavuja. Alikata kipande akaonja, akakitema nje.

"Inanuka kama stovu la mafuta ya taa! Na wakwe wako wapi?"

"Tengeru, mama."

Nilikaa juu ya ndoo nikashika kichwa. Hapo nilikuwa napiga hesabu: bodaboda mpaka mjini, nikachukue nyama choma ya baa, nirudi... fedha yenyewe sina. Sikia, mtu anaweza kulia kwa ajili ya nyama.

MZEE NA VIJITI VYA ORPUL

Baba mkubwa alirudi kwa sababu ya ile harufu. Akatutazama malayoni wawili, mmoja ameshika moto, mwingine ameshika kichwa. Nilitegemea makofi. Badala yake akagusa nyama kwa kidole, akakifikicha.

"Imelowa," akasema. "Nani alikwambia kitu kilicholowa kinachomeka?"

Akavuta kigoda. Akasema walipokuwa morani walikuwa wakienda orpul, ile kambi ya nyama porini, wanachinja, wanakula nyama na supu ya magome ya miti mpaka miili inarudi. Nyama walikuwa wanaichoma kwenye vijiti vilivyochomekwa ardhini. Mwanzo vijiti vinakaa mbali na moto. Nyama inapata joto polepole, inatoa maji yake, ngozi ya juu inakauka. Ikishaiva huko huko mbali, ndipo unavisogeza vijiti karibu na makaa, mara moja tu, kwa ajili ya rangi na harufu.

"Mlichofanya nyinyi ni kile kile," akasema. "Mmeweka mbali siku nzima. Sawa. Ila mmeruka kukausha."

Binamu akajipiga paji la uso. "Taulo! Hotelini kila kipande tunakipangusa kwa taulo za karatasi mpaka kinakauka! Leo kwa haraka nimesahau!"

Na mimi nikaikumbuka ile hesabu ya jana ya maji. Binamu akanimalizia mwenyewe huku tukikimbilia vitambaa. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayokufanya umeze mate ukipita kwenye baa ni kazi ya protini na sukari za kwenye nyama zikikutana kwenye moto. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza mwaka 1912. Inataka nyuzi kama 140 kwenda juu ndipo ishike kasi. Sasa juu ya nyama kukiwa na maji, maji hayo hayapandi zaidi ya pale yanapochemkia, ambapo Kisongo ni 95. Moto wote unaishia kuchemsha maji. Wewe unasubiri rangi, haiji, unazidisha moto, ndani inapikika upya na kukauka, na palipotangulia kukauka panaungua. Ndiyo ile ramani ya visiwa.

Tulivifungua vipande kumi na kimoja vilivyobaki. Majimaji ya mifukoni mama mkubwa aliyakusanya akayachemsha kuwa mchuzi. Nyama tukaipangusa kwa vitambaa safi, pande zote, tukaipanga kwenye nyavu ndani ya chumba chenye madirisha mawili. Upepo wa Kisongo unaujua, nguo zako unazianika hapa, unageuka zimekauka. Baada ya dakika ishirini, ukigusa, kidole hakilowi. Tukapaka mafuta kidogo na chumvi.

Mshenga akapiga tena. "Tumepita Kambi ya Fisi."

MKAA KULIA, GESI KUSHOTO

Baba mkubwa aliamua kama jaji. Vipande sita viende kwenye mkaa kwa usimamizi wake. Vitano abaki navyo binamu na "bunduki" yake, aone kama ujana una maana.

Safari hii binamu alikiwasha kichomeo mbali na nyama, akasubiri moto utulie mpaka ukawa wa buluu, unavuma bila kupepea. Akanieleza: moto wa njano ni gesi isiyoungua vizuri, na gesi hiyo ndiyo inayoipa nyama ile harufu ya stovu. Ukikielekeza kwenye nyama kabla hakijatulia, au ukikisogeza mno mpaka moto ukakosa hewa, umeharibu. Akauweka umbali wa kama shibiri, akawa anapitisha huku na huku kama mtu anayepiga rangi ukuta, hakai mahali pamoja. Moto ule unakaribia nyuzi 2,000, ukizubaa sekunde tatu umetoboa. Wenzetu wamelihangaikia hilo mpaka New York: mwaka 2013 Dave Arnold alichangisha fedha za kutengeneza Searzall, kichwa chenye nyavu kinachofungwa mbele ya kichomeo ili moto utawanyike na gesi yote iungue kabla ya kufika kwenye nyama.

Sisi hatukuwa na Searzall. Tulikuwa na subira. Na, msomaji, ile rangi ilikuja! Dhahabu kwanza, halafu kahawia, halafu kile kimekundu cheusi cha kingo. Nyama ikaanza kuongea taratibu, siyo kufoka kama mwanzo. Dakika mbili upande huu, mbili upande ule, kwisha. Ukikata, ndani ni vile vile laini, ukanda wa kahawia uko juu juu tu kama ngozi.

Kulia kwangu mkaa ulikuwa mwekundu bila moshi. Baba mkubwa alikuwa anageuza nyama kwa mkono, kimya, kama hayupo. Mafuta yalikuwa yakidondoka kwenye makaa, moshi mwembamba unapanda na kuilamba nyama. Dakika nne hivi, akaitoa.

Honi zikalia getini.

HUKUMU YA WAKWE

Nyama ilikatwa vipande vidogo, ya mkaa sinia lake, ya gesi sinia lake, na mbuzi wa wazee mahali pake. Mimi na binamu tukajibanza nyuma ya pazia la jikoni. Hatukusema ipi ni ipi.

Vijana wa Marangu waliparamia masinia yote mawili bila ubaguzi. Ila wazee, mmoja mmoja, mikono yao ilianza kurudi kwenye sinia la mkaa. Yule mzee wao mkuu, mwenye mvi na meno ya kuhesabika, alichukua kipande, akatafuna, akasimama kutafuna, akamgeukia baba mkubwa:

"Ng'ombe gani huyu? Mbona mimi natafuna?"

Watu wakacheka. Baba mkubwa akasema: "Ni wa hapa hapa. Vijana wamemlaza usingizi kwanza."

Binamu alijitetea kwangu kuhusu lile sinia la gesi, na nadhani ana haki. Rangi ilikuwa sawa, ulaini sawa. Kilichokosekana ni moshi. Harufu ya nyama choma tuliyoizoea haitoki kwenye nyama peke yake, inatoka kwenye mafuta yanayodondokea makaa na kurudi juu kama moshi. Gesi haina cha kudondokewa. Kwa hiyo ukichoma kwa gesi usijidanganye kwamba ni nyama choma ya mkaa. Ni nyama ya kubanikwa, tamu, ya namna yake.

Lakini liko jambo jingine. Mkaa unamaliza misitu yetu, na serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Sasa hesabu: nyama ngumu ya kienyeji ukiipika juu ya mkaa mwanzo mpaka mwisho, ni saa nzima au zaidi ya kuchochea. Sisi pale mkaa ulifanya kazi dakika nne kwa kila kipande. Kiroba kidogo kilitosha ukoo mzima, tena kikabaki, ukiacha ule wa usiku tuliochemshia maji.

WEWE WA CHUMBA KIMOJA

Najua unasema: mimi niko Ngarenaro, nina mtungi wa kilo sita na sufuria mbili, hayo madude ya umeme nitayatoa wapi? Huhitaji. Baa nyingi mbona zinachemsha kwanza ndipo zichome, ili mteja asisubiri. Kosa lao ni kuchemsha kwa fujo na kuirusha kwenye moto ikiwa bado inachuruzika.

Wewe fanya hivi. Kata nyama vipande vinene. Chemsha kwa moto mdogo kabisa, sufuria limefunikwa, maji yatikisike tu yasitokote, mpaka uma uingie bila ubishi. Itoe. Supu usimwage, hiyo ni ya kesho asubuhi. Pangusa nyama kwa kitambaa safi, iache ipate upepo, igeuze, pangusa tena. Paka mafuta kidogo. Ndipo uipeleke kwenye moto mkali, mkaa au kikaango cha chuma kilichopata moto hasa, dakika mbili tatu kila upande. Basi.

Kama utatumia kichomeo, kitumie nje au penye hewa, mbali na mtungi, pazia na meza ya plastiki. Weka nyama juu ya chuma, siyo ubao. Na kisiwe kile cha petroli cha kubabua rangi.

Suvidi nayo ina masharti yake. Bila kipima joto usiijaribu. Nyama iliyofungwa bila hewa usiiache mezani ukienda kazini, ile siku ile au kwenye barafu mara moja, maana wako wadudu wanaopenda pasipo hewa. Wajawazito, watoto na wagonjwa wape iliyoiva mpaka ndani. Na kitimoto, tafadhali, habari za waridi usizilete. Minyoo ya tegu si ya mzaha, ipike iive kabisa.

ALICHONIAMBIA MZEE

Jioni mahari ilikuwa imepokelewa, dada yangu anacheka na mawifi zake, magari ya Marangu yameshageuza. Nilikuwa nasugua lile bati lililoungua nilipoitwa chini ya mti.

Baba mkubwa alikuwa amekaa peke yake. Nilitegemea aniulize chenji. Akanionyesha sinia lililofunikwa. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha lile sinia la gesi na kimoja cha mkaa.

"Nimekula yote miwili," akasema. "Ya mwenzako siyo mbaya." Akanyamaza kidogo. "Usiku niliwaona mnamwagia maji. Niliamka mara tatu nikachungulia dirishani. Ningewakuta mmelala, asubuhi ningemtuma mtu bucha."

Sikuwa na la kusema. Nikasema ahsante, baba.

"Desemba watu wa Marangu wanarudi kwa ajili ya siku ya harusi. Mbuzi wa mila utasimama na mimi. Njoo mapema, na hiyo bunduki mrudishieni mwenyewe."

Tumemrudishia. Aliinusa, akauliza kwa nini friji za watu zinanuka nyama.